Chifu, shefu, koplo: kichwa kimoja cha Kilatini

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Unguja, na kwa ajili ya kazi najifunza Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania kwa mkupuo. Naambiwa lugha hizi tatu ni watoto wa Kilatini, na kweli maneno mengi yanafanana: mkono ni main, mano, mano. Lakini nikifika kichwani napotea. Mfaransa anasema tête, Mwitaliano testa, Mhispania cabeza, na juzi nilipata wageni wa Romania, wao wanasema cap. Kila mtu ana kichwa. Mbona watoto wa mama mmoja hawakukubaliana jina lake? Na jingine: mzee mmoja wa Kifaransa, kila nikimfungulia mlango wa gari, alikuwa ananiambia "merci, chef". Nikamwambia mimi si mpishi. Akacheka sana. Alimaanisha nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, lakini jibu lake ni moja. Neno alilokuita yule mzee ndilo neno unalolitafuta. Chef ndicho kichwa cha Kilatini chenyewe, kilichopita vinywani mwa watu kwa miaka elfu mbili hadi kikapotea sura. Hiki ambacho Mfaransa anakiita tête leo kilikuja baadaye, tena kilitokea jikoni.

Warumi walisema caput, litamke kaput. Lakini neno hili lina sura mbili, na lazima uzishike zote. Likisimama peke yake ni caput. Likiunganishwa na jingine, kama tunavyosema "cha kichwa", linakuwa capitis, na vichwa vingi ni capita. Kwa hiyo lina shina la kaput na shina la kapit. Karibu kila ukoo nitakaokuonyesha umetoka katika moja ya mashina hayo.

Tuanze na safari ya kutoka kaput hadi chef, maana ukiielewa hiyo Kifaransa kizima kitakufungukia. T ya mwisho iliacha kutamkwa mapema, likabaki kapu. Kisha Wafaransa wa eneo la Paris walikuwa na tabia: sauti k ikitangulia a, wao waliilainisha ikawa ch kama ya chai. Kilatini cantare, kuimba, kwao ni chanter. Campus, uwanja, ni champ. Caballus, farasi, ni cheval. Tabia ya pili: p iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka v. Ripa, ukingo wa mto, ikawa rive; sapere ikawa savoir. Na v hiyo ikibaki mwishoni mwa neno hukauka ikawa f, kama novus, kipya, ilivyokuwa neuf. Tabia ya tatu: a yenye mkazo iliinuka ikawa e, mare, bahari, ni mer. Sasa pitisha kapu katika milango hiyo mitatu uone kinachotoka: k inakuwa ch, a inapita katika ie na kuishia e, p inakuwa v halafu f. Chief, kisha chef. Hakuna hatua hata moja iliyofanywa kwa neno hili peke yake. Ni tabia zilezile zilizopita katika mamia ya maneno.

Usione ajabu k kuwa ch. Sisi wenyewe tumefanya jambo la namna hiyo juu ya kichwa hikihiki. Nenda Mombasa ukawasikilize wazee wa Kimvita: wanasema kitwa. Waganda wanasema omutwe, Wanyarwanda umutwe. T ile ndiyo ya asili. Hapa Unguja tumeilainisha ikawa ch, tukapata kichwa. Mtu wa Mombasa na wa Unguja wakikaa baraza moja hawahitaji mkalimani kwa sababu ya hilo. Lakini wape miaka elfu mbili ya kutengana, milima katikati na wafalme tofauti, na utapata Ufaransa na Romania.

Sasa, kwa nini Mfaransa akiumwa hasemi chef inamuuma? Hapa ndipo penye utamu. Kilatini kilikuwa na neno testa, maana yake chombo cha udongo, au kigae, kwa maana zetu zote mbili: kipande cha chungu kilichovunjika na kile cha kuezekea. Watu wa kawaida, askari, wachuuzi, wafinyanzi, walipotaka kukitaja kichwa kwa mzaha walikiita chungu. Katika karne ya 4 mshairi Ausonius, mtu wa Bordeaux, ana shairi fupi juu ya fuvu la mtu lililotupwa njia panda, naye analiita testa. Kwa hiyo tayari neno lilikuwa limepanda kutoka kwenye rafu ya vyungu hadi mifupani. Mzaha ukizoeleka huacha kuwa mzaha. Likawa neno la kila siku: Kifaransa tête, Kiitaliano testa. Na ile alama ya kofia juu ya ê ya Kifaransa ni kaburi la s iliyokuwa ikitamkwa zamani, teste. Ukiikuta kofia hiyo mahali pengine, jaribu kuirudisha s: fête ni festa, forêt ni foresta. Itakusaidia kutoka Kifaransa kwenda Kiitaliano bila kufungua kamusi.

Sisi tunasema fuvu la kichwa, na kifuu cha nazi. Wengine husema kifuvu cha nazi, na fuvu na kifuu ni ukoo mmoja. Tunasema pia bupuru la kichwa, na bupuru ni ganda tupu. Mrumi aliona chungu, Mswahili akaona nazi. Wasardinia nao, katika kisiwa chao upande wa magharibi wa Italia, waliona kombe la pwani: kichwa kwao ni conca, kutoka neno la Kilatini la chaza na kome. Kila mtu alichukua kitu kigumu cha mviringo kilichokuwa karibu naye.

Wajerumani walifanya hivyohivyo. Kichwa kwao ni Kopf, na neno hilo kwanza lilikuwa kikombe au bakuli, kutoka Kilatini cha baadaye cuppa. Wareno walikuwa na copo kutoka mzizi huohuo, wakatuachia pwani, na sisi tukapata kopo. Wacheza karata wanaijua pia kopa. Kwa hiyo kopo la maji na kichwa cha Mjerumani ni ndugu, jambo ambalo ukimweleza mgeni wa Kijerumani njiani kwenda Jambiani safari itakuwa fupi.

Wahispania na Wareno hawakwenda jikoni. Walibaki na caput, lakini waliirefusha. Kutoka shina la kapit watu wa huko waliunda capitia, na p ikalainika kuwa b, kama wao wanavyofanya siku zote (lupus, mbwa mwitu, ni lupo kwa Mwitaliano na lobo kwa Mhispania). Ndiyo cabeza ya Hispania na cabeça ya Ureno. Wakatalani wa Barcelona na Waromania, mmoja upande wa magharibi na mwingine mashariki kabisa, ni miongoni mwa waliobaki na cap tupu kwa maana ya kichwa cha mtu. Mara nyingi ndivyo ilivyo: kitu cha zamani hukikuta ukingoni, kama Kiswahili cha kale unavyokikuta visiwani kuliko Dar es Salaam.

Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibika. Mama alikuwa mmoja lakini nyumba ilikuwa na maneno mengi: la kitabu, la mtaani, la utani, la kurefusha. Kila mtoto alipohama alibeba lake.

Lakini sijamaliza, kwa sababu kinachonigusa mimi katika habari hii ni kile kilichompata caput baada ya kufukuzwa mwilini. Mwitaliano bado anasema capo, lakini ukiumwa kichwa utasema mal di testa. Capo amehamia ofisini, ni bosi. Mfaransa ameifungia chef kazini na kwenye misemo michache. Opiner du chef ni kutikisa kichwa kukubali. Couvre-chef ni kofia, kwa maneno yenyewe kifunika-kichwa. Na katika kanisa kuu la Amiens, ambako tangu 1206 limehifadhiwa fuvu la uso linaloaminiwa kuwa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, hadi leo wanaliita chef de saint Jean-Baptiste. Padri ataelewa, mtoto wa shule wa Ufaransa atadhani Yohana alikuwa mpishi, kama wewe.

Hiyo couvre-chef Waingereza waliitafuna ikawa kerchief, kitambaa cha kichwani. Baadaye kitambaa kikashuka mkononi, wakaongeza neno la mkono mbele: handkerchief. Ukilifungua unapata "kifunika-kichwa cha mkononi", na hakuna anayeshtuka. Sisi kitambaa hicho tunakiita leso, kutoka lenço ya Wareno, nayo imetoka katika neno la Kilatini la kitambaa cha kitani. Sisi tuliipandisha badala ya kuishusha: leso ya kufutia kamasi, na Mombasa leso ndiyo kanga, ya kujifunga na kujitanda.

Warumi wenyewe ndio walioanza kukitoa kichwa mwilini. Katika sheria yao, caput ilikuwa hadhi ya mtu mbele ya sheria: uhuru wake, uraia wake, nafasi yake katika familia. Aliyepoteza kimoja kati ya hivyo alisemwa amepata capitis deminutio, kupunguzwa kichwa, nayo ilikuwa na madaraja matatu. Na mtumwa? Vitabu vya sheria vya mfalme Justinian, vya karne ya 6, vinasema kwamba mtumwa akiachwa huru hahesabiwi kuwa amepunguziwa kichwa, kwa sababu hakuwa nacho. Nilipowafundisha vijana sentensi hiyo darasani sikuwahi kuipita haraka. Mtu alikuwa anapumua, ana macho, ana mama yake, na sheria inaandika kwa utulivu kwamba hana kichwa. Wewe unayepeleka wageni kila siku kwenye soko la zamani la watumwa pale Mkunazini unaijua uzito wake kuliko wanafunzi wangu walivyoijua.

Mtu huru maskini alikuwa na kichwa lakini hakuwa na kingine. Walipoandikwa watu na mali zao, asiye na mali aliandikwa kwa kichwa chake tu, na tabaka hilo liliitwa capite censi, waliohesabiwa kwa kichwa. Jemadari Marius ndiye aliyewafungulia mlango wa jeshi mwaka 107 KK. Ulaya bado husema per capita kwa hesabu ya kila mtu mmoja, na babu zetu walilipishwa kodi ya kichwa bila kujua kwamba wanahesabiwa kwa namna ya Kirumi. Adhabu ya kifo nayo, kwa Kifaransa peine capitale, ni adhabu ya kichwa.

Kisha kichwa kikaingia sokoni. Katika Kilatini cha zama za kati, capitale ilikuwa mali ya mtu, na pia fedha ya msingi: ile uliyotoa, kabla faida haijazaliwa. Hiyo ndiyo capital, mtaji. Lakini angalia lilivyopita mipaka. Kwa Wanormandi wa kaskazini mwa Ufaransa, ambao hawakuwa na tabia ile ya kulainisha k, lilikuwa catel. Walivuka bahari mwaka 1066 wakaitawala Uingereza, na kwa kuwa mali ya mkulima ilikuwa mifugo yake, catel ikaishia kuwa cattle, ng'ombe. Watu wa Paris walisema chatel, nalo likaingia Uingereza kwa mlango wa mahakama, chattel, mali inayohamishika. Na capital ikaja baadaye ikiwa safi, imechotwa moja kwa moja vitabuni. Neno moja, lugha moja, mara tatu: ng'ombe, vyombo na mtaji. Mfaransa mwenyewe amebaki na cheptel, jumla ya mifugo ya mtu.

Sasa rudi nyumbani. Kichwa kwa Kiarabu ni ra's. Kutoka hapo tuna rasi, ardhi iliyotokeza baharini: Ras Nungwi kwenu, Ras Kigomasha kule Pemba. Tuna rais, aliye kichwa cha nchi. Na tuna rasilimali, ambayo ni ra's na mali, kichwa cha mali. Ukisoma Suratul Baqara aya ya 279 utaikuta, ruusu amwalikum, vichwa vya mali zenu, yaani ile mitaji ambayo mkopeshaji anaruhusiwa kuidai bila riba. Kiarabu na Kilatini ni lugha za koo mbili tofauti kabisa, na kila moja ilikitoa kichwa mwilini ikakipeleka baharini, ikulu na benki. Jambo moja tu hatukulifuata: mfumo wenyewe wa mitaji tumeuita ubepari, kutoka bepari, neno la mfanyabiashara la Wahindi. Ulaya ilitazama fedha. Sisi tulimtazama mwenye duka.

Ukiwa Nungwi na wageni, basi, onyesha kidole pale penye mnara wa taa. Mwitaliano atasema capo, Mhispania na Mreno cabo, Mfaransa cap. Utauliza: mbona Mfaransa hakusema chef? Kwa sababu neno hili la baharini hakulirithi. Aliliazima kwa watu wa kusini mwa Ufaransa, mabaharia wa Mediterania, ambao nao hawakulainisha k. Ndiyo hiyo cabo ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma ambako Kiswahili kinasikika, na ndiyo Cabo da Boa Esperança ya Wareno, Rasi ya Tumaini Jema.

Rasi ni mwisho wa nchi, na cabo ni mwisho wa chochote pia. Kutoka hapo Wahispania na Wareno wana acabar, kumaliza, na Wafaransa achever: kukifikisha kitu kichwani. Jifunze mapema msemo wa Kihispania de cabo a rabo, kutoka kichwani hadi mkiani. Utausikia mgeni akijisifu kwamba amemaliza kitabu chote.

Capitulum, kichwa kidogo, ndiyo sura ya kitabu: chapitre, capítulo, Kapitel ya Wajerumani. Ni kama sisi na kichwa cha habari. Na hao vijana wa jimu wanaojaza mikono yao, misuli ile inaitwa biceps, yenye vichwa viwili, kwa kuwa juu imegawanyika mara mbili.

Nimeliacha jeshi makusudi nilifikie sasa. Marehemu baba yangu alikuwa koplo wakati wa Waingereza. Alikuwa na picha moja, amesimama wima, utepe wa cheo mkononi. Siku moja, nikiwa likizo, alikuta nikisoma kitabu cha Kilatini akaniuliza hiyo koplo yake maana yake nini. Sikujua. Nilimwambia nadhani ni mambo ya mwili, kwa sababu Kiingereza corporal kinafanana na corpus, mwili. Nilikosea, na nilikosea pamoja na Waingereza wenyewe. Neno lilianza Italia, caporale, kutoka capo: aliyewekwa kuwa kichwa cha kikundi kidogo cha askari. Wafaransa wakalichukua, caporal. Lilipokuwa likienda Uingereza watu wakalichanganya na neno la mwili, wakalitia o na r, na kutoka huko likafika kwetu limepungua, koplo. Wahispania na Wareno wao wanamwita askari huyo cabo, kichwa tu, basi. Nilipokuja kulijua hilo baba alikuwa ameshatangulia. Ningependa sana angesikia kwamba utepe wake ulikuwa wa kichwa.

Koplo hayuko peke yake kambini. Kapteni ametoka capitaneus, wa kichwani, kwa kupitia capitaine ya Kifaransa. Kadeti ametoka kusini magharibi mwa Ufaransa, Gascogne: huko capdet alikuwa mkuu, kichwa kidogo, na kwa kuwa Wagascon waliokwenda kutumika jeshini kwa mfalme mara nyingi walikuwa wana wadogo wa mabwana wa huko, wasio na urithi, neno likageuka likawa mdogo wa familia, kisha kijana anayefunzwa uofisa. Kiongozi aligeuka mwanafunzi. Na ukiwauliza ndugu zetu wa Kongo watakutajia mwingine: kapita, msimamizi wa vibarua, kutoka capitão ya Wareno. Wakati watu walipolazimishwa kugema utomvu wa mpira chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kapita alikuwa mtu wa kuogopwa vijijini, na neno lile lina kivuli hadi leo kwa wanaojua.

Waingereza wana head na Wajerumani Haupt, kama katika Hauptstadt, mji mkuu. Hayo hayakutoka kwa Warumi. Ni binamu zake. Lugha za Kijerumani na Kilatini zina babu mmoja wa mbali, na penye k ya Kilatini wao wana h: cornu ni horn, pembe, centum ni hundred, mia. Kwa hiyo caput na head zinakutana nyuma kabisa, ingawa irabu zao za kwanza hazikubaliani sawasawa na wataalamu wamebishana sana juu yake.

Nikuonye na wajifanyao ndugu. Kaputt ya Wajerumani, kilichoharibika, haikutoka caput. Imetoka capot, neno la Kifaransa la mchezo wa karata, la aliyefungwa bila kupata hata mkono mmoja. Maneno ya kukamata, kama Kiingereza capture, yana mzizi wao, capere. Chapel, kanisa dogo, imetokana na cappa, joho, joho la Mtakatifu Martin hasa. Hata kwetu, rasmi haina undugu na rasi. Sauti kufanana hakutoshi. Lazima uweze kuonyesha njia, hatua kwa hatua, kama tulivyofanya kwa chef.

Turudi kwa yule mzee wako na mlango wa gari. Waingereza walipochukua neno hili kwa Wafaransa zama za kati, bado lilikuwa chief na lilitamkwa kwa ch ya chai. Wakalihifadhi hivyohivyo. Nyuma yao Wafaransa wakaendelea kulilainisha, katika karne ya 13 ch ikawa sh, na Waingereza walipolichukua mara ya pili, karne ya 19, kwa ajili ya mkuu wa jikoni, chef de cuisine, walilipata lina sh. Sisi tukapokea yote mawili. Waingereza walituletea chifu: Tanganyika sheria ya machifu ilifutwa mwaka 1963, Kenya chifu bado yupo na lokesheni yake. Hotelini ukapata shefu mwenye kofia ndefu nyeupe. Na Kongo, ambako Wabelgiji walileta Kifaransa, shefu ni mkubwa wa kazi au wa kijiji, wala haihusiani na sufuria.

Mfaransa wa kawaida, akimshukuru dereva au mhudumu kwa ukarimu, husema "merci, chef" kama sisi tunavyosema "ahsante mkuu". Hapo stendi vijana wanaitana chifu kutwa nzima: mambo vipi chifu, poa chifu. Mzee alikuita hivyohivyo, kwa neno lilelile. Akirudi mwakani na kukuambia tena, mfungulie mlango umjibu, "De rien, chef."